Softwea za kulipia za kukonveti video zinatupiga hela kweupe

Wakuu habari, leo nimekuja na hasira na sitapaka mafuta. Hizi programu za kulipia za kukonveti video (kubadili video toka aina moja ya faili kwenda nyingine) ni uhuni mtupu, na inaniuma kuona watu wanaendelea kupigwa.

Niliyolipia mimi siitaji jina. Ile ya majaribio inakonveti kipande tu cha video halafu inagonga logo yao katikati ya picha, unalipa ili logo itoke, wanakwambia leseni ni ya maisha. Baadaye likatoka toleo jipya, leseni ya maisha kumbe ilikuwa ya toleo la zamani, wanataka nilipe tena. Nimeandika imeili za kulalamika, kimya.

Ila kinachonichoma zaidi sio hata hiyo hela, ni kwamba nyingi ya hizi programu ndani zimebeba FFmpeg, programu ya bure ya kukonveti video na sauti iliyoanza mwaka 2000, kazi ya watu wanaojitolea. Leseni yake inaruhusu kuitumia kibiashara, sawa, lakini ina masharti, na mojawapo ni kusema wazi kwamba umeitumia. Sasa nenda kwenye matangazo yao utafute hilo neno FFmpeg kama utaliona! Wao ni "teknolojia yetu ya kipekee" mwanzo mwisho.

Halafu huo uongo wa "bila kupoteza ubora". Ukiikonveti video ya H.264 kwenda H.265 (njia mbili za kubana video, H.265 ndiyo mpya zaidi) kwa setingi za kawaida lazima ubora upungue, hata kama jicho halioni, maana video inafunguliwa na kubanwa upya. Pasipopotea kitu ni pale unapobadili kontena tu, yaani aina ya faili linalobeba picha na sauti, mfano MKV kwenda MP4, ni kama kuhamisha unga toka mfuko kwenda kwenye ndoo, unga ni uleule. Na hiyo kazi kama ndani kuna picha ya H.264 na sauti ya AAC inafanywa na mstari mmoja wa amri:

ffmpeg -i video.mkv -c copy video.mp4

Dakika haiishi, mara nyingi ni sekunde tu, bure. Wao wanakulipisha na wakati mwingine wanaikonveti upya yote kompyuta inachemka saa nzima bila sababu.

Hiyo spidi wanayojisifia nayo inatoka kwenye kompyuta yako mwenyewe, Quick Sync ya Intel au NVENC ya Nvidia (sehemu za chipu zao zilizotengenezwa kwa kubana video), na HandBrake, programu nyingine ya kukonveti, inazitumia zote mbili bure. Tena NVENC ukiitaka faili dogo mara nyingi inashindwa na x265 (programu ya bure ya kubana kwa H.265 kwa kutumia prosesa) ya taratibu kwa ubora uleule, hilo hawalisemi.

Najua kuna atakayekuja na "command line (kuandika amri) ni ngumu". HandBrake ina dirisha na vitufe, unachagua priseti (setingi zilizopangwa tayari) unabonyeza Start, basi. Hata VLC ambayo wengi mnayo tayari inakonveti, japo setingi zake zinakera.

Anayelipia ya kuedit video simsemi, ile ni kazi nyingine kabisa. Nasema hizi za kukonveti tu. Anayezitetea aje hapa anitajie kitu kimoja inachomfanyia ambacho HandBrake au FFmpeg haziwezi, na asiniambie "ina muonekano mzuri".