Ulinganisho: mashine ya kidole, sukari ya maabara na HbA1c. Majibu yakipishana, ufuate lipi?

Ipogolo (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe vipimo vitatu kwa mtu ambaye tayari ana kisukari na yuko kwenye dawa: mashine ya kidole ya nyumbani, sukari ya maabara kabla ya kula, na HbA1c, kile cha miezi mitatu. Tufanyie kazi mfano huu: asubuhi, tumbo tupu, mashine inasoma 11.3 mmol/L. Maabara siku hiyohiyo wanaandika 10.1. HbA1c inarudi 7.2%. Akiangalia jibu la kwanza anaogopa, akiangalia la mwisho anatulia. Ashike lipi?

Maabara_Kilolo
Mkuu, katika mfano huo inawezekana kabisa vipimo vyote vitatu viko sawa. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu mashine ipishane na maabara hadi asilimia 15 sukari ikiwa 5.6 au zaidi. Kwa 10.1 ya maabara, mashine ikisoma popote kati ya 8.6 na 11.6 bado ni nzima. Kwa hiyo msibadilishe dozi kwa sababu ya tofauti ya pointi moja.

Maabara nayo ina mtego wake. Damu ikishatoka mwilini, chembe zake zinaendelea kula sukari ndani ya tyubu, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida la chumba. Sampuli ikitolewa zahanati ya mlimani saa 2 asubuhi, ikapanda pikipiki na kupimwa saa 5 hospitali ya wilaya bila plazima (majimaji ya damu) kutenganishwa na chembe, 11.3 inaweza kusomeka chini ya 10. Tyubu ya kifuniko cha kijivu ina floraidi ya kuzuia hilo, ila haishiki papo hapo. Saa ya kwanza sukari bado inapungua. Muulizeni mtoa huduma: damu hii inapimwa hapahapa au inasafirishwa?

Uyole77
Upande wa mashine, huku Nyanda za Juu baridi inatusumbua. Mwezi wa 6 na wa 7, alfajiri ya Makete au Njombe, mashine iliyolala dirishani inaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na nyingi hazijatengenezwa kufanya kazi chini ya hapo. Itaonyesha alama ya hitilafu, au itoe namba isiyoaminika. Iweke ndani ya koti pamoja na kopo la stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu, dakika 20 kabla ya kupima.

Kidole kilichoganda hakitoi damu, mtu anakikamua mpaka majimaji ya mwilini yanachanganyika na tone. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, ninginiza mkono chini nusu dakika, choma pembeni mwa ncha ya kidole. Na aliyemenya ndizi mbivu ya Tukuyu asipime kabla ya kunawa! Utamu uliobaki kwenye ngozi unaingia kwenye tone, na mwenye 7 anaweza kusoma 12 au zaidi. Spiriti peke yake haiusafishi kama sabuni na maji.

Kopo la stripu lifungwe palepale unapotoa moja. Unyevu unaziharibu hata kama tarehe haijapita.

Kyela_Kwetu
Samahani, karatasi nyingine zinaandika 182 au 200. Hicho ni kipimo kingine?

Maabara_Kilolo
Ni kilekile, vizio tofauti. Gawa kwa 18: 182 mg/dL ni 10.1 mmol/L. Angalia kioo cha mashine kama kimeandikwa mmol/L au mg/dL.

Muuguzi_Makambako
Sasa HbA1c. Inapima sukari iliyonata kwenye himoglobini, ile iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takribani siku 120, hivyo inakupa wastani, huku wiki za karibuni zikiwa na uzito zaidi. 6% ni wastani wa kama 7.0, 7% ni 8.6, 8% ni 10.2, 9% ni 11.8. Basi 7.2% ya Ipogolo ni wastani wa 8.9 hivi, na asubuhi yake ni 10.1. Hapo pana mambo mawili ya kuchunguza.

La kwanza, huenda asubuhi ndiyo saa yake mbaya, kwa sababu ini humwaga sukari alfajiri kabla mtu hajaamka. La pili, huenda HbA1c imeshushwa. Chochote kinachofupisha maisha ya chembe nyekundu hufanya hivyo: selimundu, kupoteza damu nyingi, kuongezewa damu karibuni, pia ujauzito. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaweza kuipandisha. Mwenye selimundu mwambieni daktari kabla ya kutozwa hela ya kipimo hicho.

Ludewa_Mwl
Kwa maelezo hayo mimi naona HbA1c inatosha kwa wengi. Stripu ni gharama.

Muuguzi_Makambako
Hapana, Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Anayeshuka hadi 3.2 usiku na kupanda 15 baada ya mlo wa jioni anaweza kupata 7.2% nzuri kabisa. Wastani unaficha hatari zote mbili. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi, kushuka chini ya 4 usingizini kunaweza kumuua.

Stripu zikiwa chache, zitumike kwa mpango. Usiku mmoja pima kabla ya kulala, saa 9 usiku, na unapoamka. Ukilala na 7, saa 9 ukawa 7, ukaamka na 10, ni ini la alfajiri. Ukilala na 12, tatizo ni sahani ya jioni: ugali mkubwa, viazi, wali. Saa 9 ikiwa chini ya 4, kula kitu chenye sukari palepale, na asubuhi nenda kliniki, dozi ya jioni iangaliwe upya. Siku nyingine pima kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza. Wengi wanalenga isivuke 10.

HbA1c rudia kila miezi 3 kama hujafikia lengo, miezi 6 kama umetulia.

Ipogolo
Asanteni sana. Na mashine ikiandika HI?

Maabara_Kilolo
Kwa mashine nyingi maana yake imevuka 33.3. Nawa, rudia mara moja, kisha nenda hospitali saa hiyohiyo. Hata 15 ikiambatana na kutapika, kuhema kwa kina na haraka, pumzi yenye harufu ya matunda au kuchanganyikiwa, usingoje kupambazuke. Na anayetumia insulini asiiache eti kwa sababu hajala.