Naombeni ushauri: Hajati akishatoa maoni, wengine wote kimya

MamaShamim_Jinja
Habari zenu wapendwa. Hapa Jinja tuna kikundi cha wanawake cha kusoma riwaya. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, baada ya alasiri, nyumbani kwa Hajati mmoja kule Walukuba. Kuna walimu, nesi, fundi cherehani, wauza vitenge wa sokoni na mabinti wa chuo. Hajati ndiye mkubwa wetu. Nyumba yake, chai yake, sambusa zake. Kwa hilo sina la kumlaumu.

Shida ni mjadala. Mwezi huu tulisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ile ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni Tanzania. Nikajua leo patawaka moto. Nikafungua kikao, Hajati akakohoa kidogo, akasema: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Rosa kajitakia." Akakilaza kitabu kifudifudi juu ya kitambaa cha meza. Aliyefuata: "Mimi naungana na Hajati." Wa tatu: "Hajati kamaliza yote." Tukahamia bei ya magauni ya gomesi.

Usiku binti mmoja wa chuo akanitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, mrefu kama hotuba. Anasema kwa nini alaumiwe mama, na Zakaria yupo? Baba mlevi anakunywa jasho la mkewe, halafu kwa barua moja tu ya mvulana anampiga bintiye mpaka anaogopa wanaume wote. Mtoto akifika chuo cha ualimu, mbali na fimbo ya baba, amefunzwa nini cha kumwongoza? Maoni kama hayo yanafia kwenye simu yangu! Nifanyeje yasemwe pale sebuleni bila Hajati kuona amevunjiwa heshima?

Nalongo_Mbale
Pole dada. Mdogo aanze, mkubwa afunge. Hata kwenye vikao vya ukoo mzee ndiye wa mwisho kusema, na hakuna anayeona amedharauliwa. Ila kamwone kabla ya siku, wawili tu, umwambie: "Hajati, safari hii tunaomba wewe utufungie." Usimshtukize mbele za watu.

Kibandaski
Mnamwonea mama wa watu. Yeye kasema lake, nyinyi nani kawaziba midomo? Sambusa mle, halafu mje kumsema huku.

MamaShamim_Jinja
@Kibandaski sambusa nimekula na nitakula tena 😂 Simsemi vibaya, nampenda sana.

Mwalimu_Tororo
Swali kwanza: mna nakala ngapi za kitabu?

MamaShamim_Jinja
Tatu, zinazunguka. Moja imenyofoka kurasa za mwisho.

Mwalimu_Tororo
Basi Hajati msimsingizie. Nusu ya hao "naungana na Hajati" hawajamaliza kitabu, na wengine wamesoma mwongozo wa wanafunzi. Mtu ambaye hajafika mwisho lazima ajifiche nyuma ya mkubwa.

Tena acheni kuuliza "mmeonaje kitabu?" Swali hilo ukiuliza utajibiwa kwa methali, na methali ikishatoka nani ataendelea? Chagueni kurasa mbili, mmoja asome kwa sauti, wote wasikie, hata ambaye kitabu hakijamfikia. Kisha ulizeni jambo la palepale: Zakaria anapompiga Rosa kwa sababu ya ile barua, mama yake, Regina, angeweza kufanya nini? Angekimbilia kwa nani usiku ule? Hapo hata muuza kitenge atasema, maana nyumba za namna hiyo tunazijua. Na Ukerewe, kisiwa cha hadithi yenyewe, si mbali, ni ziwa hilihili letu.

BintiKisenyi
Mimi nadhani ni lugha. Hajati Kiswahili chake kimenyooka, siyo? Sisi wengine chetu ni cha soko na cha kambini, ukifungua mdomo mbele ya mtu kama huyo unaona aibu. Ruhusuni mtu aseme kwa Kisoga au Luganda akikwama. Mtashangaa.

MamaShamim_Jinja
Eee, kweli! Amekulia Mombasa. Na fundi cherehani wetu, ambaye kwa Kisoga hanyamazi, pale huwa bubu.

Msomaji_Kamwokya
Ukija Kampala, pita FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, huku Kamwokya. Wana klabu yao ya Jumatatu ya wasomaji na waandishi. Huko kazi ya mtu inachambuliwa naye amekaa hapo hapo. Mwanzoni inauma, baadaye unazoea.

Kitabu kijacho jaribuni The First Woman cha Jennifer Nansubuga Makumbi, cha 2020. Ni Kiingereza, lakini mjadala uwe kwa lugha yoyote. Kirabo analelewa kijijini na babu na bibi, anamtafuta mama yake, na wanawake wawili wazee wanaomfundisha maisha hawapatani. Mambo yenyewe ni ya enzi za Amin. Kama Hajati alikuwa Uganda miaka hiyo, mabinti watakuwa na mengi ya kumuuliza, naye hatakuwa tena hakimu wa kikao.

Kibandaski
Hilo la Amin nimelikubali. Ila akianza kusimulia mjue mnalala hapo.

MamaShamim_Jinja
Asanteni sana. Alhamisi nitapita kwake peke yangu kumwomba atufungie kikao. Rosa tutamrudia tena kabla ya kitabu kipya, kurasa mbili tu, kama alivyosema Mwalimu. Ule ujumbe wa sauti wa yule binti, niwasikilizishe watu?

Nalongo_Mbale
Usithubutu! Kakutumia wewe. Mwambie aanze yeye, akikataa mwache.

Mwalimu_Tororo
Nina nakala mbili za Rosa Mistika zimekaa tu kabatini. Naweza kuzipakia kwenye basi la asubuhi, mtanirudishia mkimaliza.

MamaShamim_Jinja
Mwalimu, Mungu akubariki! Nakuja inboksi tuelewane nauli ya mzigo.