Ukishalipia leseni, umepata na sauti ya mtunzi? Tujadili "Eye of the Tiger" na majukwaa ya siasa

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: mwanasiasa asipige wimbo wa mtu kwenye kampeni yake ikiwa mtunzi hataki, hata kama leseni ya kuupiga hadharani imelipiwa. Mfano wangu ni "Eye of the Tiger" wa Survivor, bendi ya Chicago, kwa sababu historia ya wimbo huo mmoja ina chakula cha pande zote mbili.

Mwaka 1982 Sylvester Stallone alikuwa anamalizia Rocky III, filamu aliyoiandika, akaiongoza na kuicheza mwenyewe. Mwanzoni kuna picha za mapambano zinazopishana haraka haraka, na picha hizo zilikuwa zimewekewa "Another One Bites the Dust" wa Queen. Ile besi ilikaa vizuri na ngumi, ila ruhusa ya kuitumia haikupatikana. Ndipo Stallone akawatafuta Survivor, ambao wakati huo hawakuwa na jina kubwa, akawapelekea kanda ya video yenye dakika za mwanzo za filamu. Jim Peterik wa bendi hiyo ameeleza jinsi yeye na mwenzake Frankie Sullivan walivyokaa na kanda hiyo, wakihangaika mapigo ya gitaa yaangukie palepale ngumi inapotua. Jina la wimbo walilichukua kwenye maneno ya Apollo Creed, mhusika wa filamu hiyo, anapomweleza bondia Rocky kitu alichokipoteza: jicho la chui milia, ile njaa ya bondia ambaye bado hajashiba ushindi.

Kinachosikika ndani ya filamu ni rekodi yao ya majaribio. Toleo la santuri likakaa namba 1 kwenye chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 6, Uingereza wiki 4, likapata Grammy, na wimbo ukateuliwa kuwania Oscar, ingawa tuzo ilikwenda kwa "Up Where We Belong".

Sasa tazameni. Bila mtu kunyimwa wimbo mwingine, huu usingekuwepo. Stallone alikuwa na jina, alikuwa na filamu mbili za Rocky zilizokwishauza dunia nzima, na bado alipokosa ruhusa ya Queen alitafuta njia nyingine. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kumpa mtunzi haki ya kukataa ni kuua sanaa, namwonyesha wimbo huu. Kukataliwa ndiko kulikouzaa.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Mtunzi wa wimbo wa filamu anajua wimbo wake utakaa pembeni ya picha gani. Peterik na Sullivan waliiona picha kabla ya kuandika. Walikubali ngumi, jasho na kijana wa Philadelphia. Mwaka 2012 kampuni ya Sullivan ilimshtaki mwanasiasa wa Marekani Newt Gingrich katika mahakama ya shirikisho huko Illinois, ikisema amekuwa akiingia jukwaani na wimbo huo tangu 2009 bila ruhusa. Shauri likaisha kwa makubaliano. Septemba 2015 ikawa zamu ya Mike Huckabee, mgombea wa Republican. Karani mmoja wa kaunti huko Kentucky alikuwa amefungwa kwa kukaidi amri ya mahakama, akikataa kutoa vyeti vya ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja. Siku aliyotoka, akapandishwa jukwaani mbele ya umati, Huckabee pembeni yake, na spika zinapiga "Eye of the Tiger". Sullivan alisema wazi kwamba hakutoa ruhusa, akaenda mahakamani. Huckabee alijitetea kwamba ule ulikuwa mkusanyiko wa kidini. Mwishowe kampeni yake ililipa dola 25,000.

Siulizi nani alikuwa sahihi kuhusu ndoa. Hata wimbo ungepigwa kwa jambo ninalolipenda mimi, ningesema hivihivi. Watunzi wale walitiwa ndani ya filamu ambayo hawakuwahi kuonyeshwa.

Karibuni.

Fundi Spika

Mkuu, naomba kutofautiana nawe, na naongea kama mtu wa mitambo.

Nimefunga spika kwenye mikutano ya kampeni misimu miwili. Mara moja mratibu wa chama fulani alinikabidhi fleshi asubuhi, mgombea anaingia uwanjani saa nane. Mle ndani bongofleva, kwaya, dansi za zamani, na wimbo huohuo wa Survivor kwa ajili ya mgombea kupanda jukwaani. Niambie, ningempigia nani simu Chicago? Wiki mbili baadaye mratibu huyohuyo alinikata sehemu ya malipo, akidai kuna msanii amelalamika na mimi ndiye niliyepiga. Fleshi yake, orodha yake, ila lawama nikabeba mimi.

Ndiyo maana leseni za jumla zipo. Marekani ASCAP, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi, ilianzishwa 1914 hasa kwa sababu haiwezekani kila hoteli na kila ukumbi kumtafuta kila mtunzi. Unalipa mara moja, unapiga, mirabaha inamfikia mwenyewe. Ukishaanza kusema "umelipa lakini subiri tuone kama anakupenda", umeivunja leseni yote. Kesho atatokea mtunzi asiyetaka wimbo wake upigwe baa, mwingine asiyetaka upigwe kwenye harusi ya dini nyingine.

Jimu ya Mtaani

Mimi naufundisha ubondia vijana. Wimbo ule nimeupiga zaidi ya miaka kumi, kijana akiwa hoi raundi ya mwisho ya begi nauwasha, anasimama. Kwetu si wa Sullivan tena wala si wa Stallone. Wengi wa vijana wangu hata hiyo filamu hawajaiona. Mnaongelea mtunzi kana kwamba wimbo umebaki nyumbani kwake.

Binti wa Likoni

Ndugu mleta mada, naunga mkono, ila umechanganya mambo mawili, na sisi Kenya tuliyaona yakitengana mbele ya macho yetu.

Mei 2022 muungano wa vyama wa Azimio walipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, wimbo wa Sauti Sol, "Extravaganza", ukatumika kwenye shughuli ile na kwenye video. Sauti Sol wakatoa taarifa kwamba hawakuulizwa na hawafungamani na chama chochote. Watu wakagawanyika mitandaoni, wengine wakiwaambia washukuru kwa kutangazwa. Halmashauri ya hakimiliki, KECOBO, ikafafanua jambo ambalo wengi hatukulijua: leseni ya kupiga muziki hadharani ni kitu kimoja, na kuunganisha wimbo na picha za video ni kitu kingine kabisa, kinachohitaji ruhusa ya mwenye wimbo mwenyewe.

Sasa rudisha hilo kwa Stallone. Alihitaji ruhusa ya Queen kwa sababu alikuwa anaunganisha wimbo na picha. Si hiari yake, ni sheria. Kwa hiyo usimpe sifa kubwa sana. Huckabee aliupiga uwanjani, na suala la uwanjani ni jingine.

Lakini hapa ndipo ninaporudi upande wako. Mkutano gani wa kampeni leo haurekodiwi? Kila simu ni kamera, na chama chenyewe kinarusha moja kwa moja. Mstari kati ya uwanja na video umefutika. Fundi Spika, unapopiga wimbo mgombea akipanda jukwaani, unajua kabisa jioni utakuwa kwenye video ya chama.

Na tusisahau 2002. "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji haukutungwa kwa ajili ya NARC, muungano wa vyama ulioshinda uchaguzi mwaka ule, lakini mpaka leo ukiupiga, mtu mzima yeyote Kenya anaona umati ule na uchaguzi ule. Wimbo ulikwenda na upande mmoja wa historia, haukurudi. Safari ile watu wengi walifurahia. Ingekuwa upande mwingine, je?

Mzee wa Santuri

Vijana, mnasema "mtunzi, mtunzi". Yupi? Wimbo una watunzi wawili. Kesi ya Gingrich ililetwa na kampuni ya mmoja. Kwa sheria ya Marekani, mmiliki mwenza anaweza kutoa leseni ya kawaida bila kumuuliza mwenzake, mradi amgawie mapato. Basi mmoja akikubali na mwingine akikataa, tumsikilize nani?

Na kuna wa tatu ambaye hakuna aliyemtaja hapa: Dave Bickler, mwimbaji. Sauti inayowainua vijana wa jimu ni yake. Mwaka 1983 aliondoka kwenye bendi kwa matatizo ya koo, nafasi akapewa Jimi Jamison. Kwa Marekani, rekodi ikipigwa uwanjani au kwenye redio ya kawaida, haki ya malipo ni ya aliyetunga, si ya aliyeimba. Mnadai mwanasiasa ameazima sauti ya mtu. Sauti aliyoiazima hasa ni ya Bickler, na yeye ndiye asiye na pa kusimama. Hilo linaniuma kuliko lile la ruhusa.

Mleta mada

Nimewasoma wote, na kuna mahali mmenisogeza.

Binti wa Likoni, nakubali kuhusu Stallone. Sheria ilimbana. Lakini ndiyo hoja yangu pia: palipo na sheria inayompa mtunzi nafasi ya kusema hapana, filamu hazikufa. Nyimbo za filamu ziliendelea, na Survivor haohao wakamtungia Rocky IV "Burning Heart" mwaka 1985.

Mwalimu wa jimu, sikuzungumzii wewe. Kijana wako akisimama raundi ya mwisho hakuna anayedhani Sullivan amemfadhili. Mgombea akipanda na wimbo, maelfu wanadhani mwenye wimbo yuko naye. Hiyo ndiyo tofauti ninayoilinda, na haigusi baa wala harusi.

Fundi Spika, pole kwa yaliyokukuta, na umenifanya nipunguze dai langu. Sisemi tena mtunzi aulizwe kabla ya kila mkutano. ASCAP na BMI, chama kingine cha aina hiyo huko Marekani, wana leseni maalumu ya kampeni za siasa, na mtunzi anaweza kuomba wimbo wake utolewe humo. Chama kinapewa taarifa, wimbo unaondoka kwenye orodha. Nataka hilo liwepo kwetu pia, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na KECOBO wakae na vyama vya siasa kabla ya msimu, si baada. Na mwenye kubeba lawama awe aliyetoa fleshi.

Mzee wangu, shikamoo. Kwa watunzi wawili nasema akikataa mmoja inatosha, maana jina linalochafuka au kusafika ni la wote wawili. Kwa Bickler sina jibu. Nimekaa nalo tangu jana usiku. Kama yupo hapa anayejua nchi inayompa mwimbaji asiyetunga haki ya kukataa wimbo usipigwe kwenye siasa, na alete tuione inavyofanya kazi.