Naomba ushauri: mkono unauma, na sijui nifuate masomo gani ya kuchora

Jambo wandugu. Niko Lubumbashi, Katuba, nimeanza kuchora kwa bidii: bic, penseli na daftari la shule, basi. Nachora usiku nikishafunga kibanda, na nikikaza mpaka saa sita, kiwiko cha mkono kinawaka na kidole gumba kinaingia ganzi. Yaya mmoja (mkubwa wangu kwa umri) ameniambia nisiibane penseli, na mstari mrefu uanzie begani, si kwenye vidole. Nimejaribu, mistari inayumba ovyo, lakini maumivu yamepungua. Wenye uzoefu, mnapumzika kila baada ya muda gani? Kuna mazoezi ya vidole mnayofanya kabla ya kuanza?

La pili ni masomo. Video zinakula mega (data ya simu), kwa hiyo natafuta kitu cha kupakua mara moja, Kiswahili au Kifaransa, hasa kuhusu viganja vya watu (vyangu vinatoka kama mihogo).

Halafu kuna ubishi. Wengine wananisukuma ninakili wachoraji wakubwa wa Ulaya. Lakini hapa hapa kwetu, mchoraji Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana yake ya uchoraji mwaka 1946, hakutaka wanafunzi wanakili Wazungu; mchoraji wetu Pili Pili Mulongoy akatokea hapo na michoro yake ya ndege na samaki. Mimi naona kunakili kidogo si dhambi, ila kiasi gani? Waliosoma Académie des Beaux-Arts (shule ya sanaa), mwaka wa kwanza mligawaje muda kati ya kunakili, kuchora vitu vilivyo mbele ya macho, na kuchora ya kichwani?