Kikapo ya Familia (kikundi cha simu): Siku ya Posho (Jumamosi)

KAZI TATU (Jumatano)

18:42 Mama Nadine: Jambo yenu familia. Mvua imeingia kweli sasa, si ile ya kudanganya ya mwezi wa kumi. Siku ya posho tunarudia ku barabara ya Kasenga kununua bintu bibichi kwa balimaji benyewe. Motokari inatoka saa kumi na moya ya asubui. Nataka kujua nani anaenda na nani anatuma franga tu. Munijibu leo, si kesho.

18:45 Mama Nadine: Tutatafuta buwa, ni kusema uyoga (tente na vitondo), lengalenga (mchicha), majani ya maboga, matembele, na maembe ya kwanza kama imekomaa. Mahindi mubichi musiniulize, sasa njo banapanda, tutakula mwezi wa pili. Sombe (majani ya muhogo) tuache, iko hapa kila siku.

18:46 Mama Nadine: Franga 20.000 kila nyumba.

19:58 Mama Nadine: Batu kumi na moya bamesoma. Midomo iko wapi?

20:51 Papa Kabwe: Iko na bukari (ugali) ndani. Tuko tunakula 😂

20:52 Chantal: 😂😂😂

20:55 Mama Nadine: Na mboga gani, Papa Kabwe?

20:57 Papa Kabwe: Lengalenga. Bibi, muke wangu, anainunua kwa rafiki yake wa kanisa, ile bustani ya pembeni ya mto. Inatoka mu udongo jioni, usiku iko mu sahani. Kuko kitu kibichi kupita ile? Sioni faida ya kuamka na majogoo mpaka Kasenga.

21:06 Patrick: Papa, samahani kuingilia. Ubichi haitoshe. Unajua ile mto inapita kwanza fasi gani? Inapita ku fasi banasafishia mawe ya shaba. Ku fakilte yetu ya kilimo balipima mboga za majani za Lubumbashi mara mingi. Balikuta shaba, kobalti, risasi na kadimiamu ndani ya majani.

21:08 Chantal: Lakini tunaosha. Mi naosha na chumvi.

21:11 Patrick: Yaya, vumbi ya juu inatoka na maji, na ni muzuri uendelee kuosha. Ile imepanda na mizizi haitoke. Hata uchemshe mara mbili. Na si maji tu. Tangu 1911 shemine kubwa ya kiwanda cha shaba ilianza kutoa moshi, na upepo wetu mara mingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ilikuwa inaangukia upande moya miaka yote. Uende Penga Penga uone ule udongo. Miti haiko. Kunaota nyasi tu ile inavumilia shaba.

21:13 Papa Kabwe: Basi niko na shaba mu damu. Munipeleke kwa banunuzi ba madini banipime kilo, bei imepanda.

21:14 Chantal: Papa Kabwe ni tani nzima 😂😂

21:14 Bijou: Kobalti njo ya bei, mumupime kobalti kwanza

21:16 Papa Kabwe: Kichwa tu inatosha kulipa masomo ya Patrick.

21:30 Mama Nadine: Mumecheka, muzuri. Sasa nani anaenda?

21:31 Mama Nadine: Patrick amesema kitu kikubwa na mumeigeuza mchezo. Batoto banakula ile lengalenga kila siku ya Mungu.

KAZI INE

06:10 Mama Nadine: Mumeamka muzuri. Nina nyumba mbili tu: yangu na ya Chantal. Mama Feza, mulimaji wetu wa barabara ya Kasenga, alinipigia jana, anasema buwa imeanza kutoka juu ya mvua ya siku tatu. Ikitoka leo, kesho kutwa imekwisha kuuzwa ku soko ya Kenya hapa mujini, na pale unaikuta imeshafika mikono ine, imelala, imelowa.

06:12 Mama Nadine: Juu ya maji, nilimuuliza kama Patrick alisema. Saa hii mvua njo inamwagilia. Wakati wa jua anateka ku kisima chake, na kule kwake hakuna mutu anachimba mawe.

06:40 Patrick: Ile njo ya kushika, Mama. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua haiko, mboga yote tunakula hapa mujini imemwagiliwa na mtu. Wakati ule njo tungepaswa kwenda mbali zaidi, na wakati ule njo safari inalala.

06:41 Mama Nadine: Umesikia Tante Agnès? Mwezi wa saba nilisema nini?

09:25 Tante Agnès: Mi buwa sitaki. Munipe mboga na maembe. Tangu ile usiku ya Divine, hata arufu ya buwa inanirudisha kule.

09:31 Chantal: Pole Tante. Mama bukwe yangu anatia kitunguu mu chungu, ikigeuka nyeusi anamwanga yote. Hajapata shida hata siku moya.

09:40 Patrick: Kitunguu haipime kitu, Yaya. Naomba mumwambie kwa heshima lakini mumwambie. Tente ni ya kula, lakini kuko ndugu zake banaua, na banafanana naye. Na ugonjwa haianze palepale. Masaa sita inapita, mara ingine masaa kumi na mbili, mutu amelala muzuri. Kisha tumbo. Kisha inatulia, munasema Mungu ametusaidia, kumbe ini iko inaharibika. Kupika haiondoe ile sumu. Mutu akitapika kesho yake, hospitali kwanza.

09:41 Tante Agnès: Ile usiku ilikuwa vile vile. Alitulia. Tulishukuru.

09:58 Papa Kabwe: Tante, pole sana.

12:20 Mama Nadine: Tante hatakula buwa, nimeandika. Wengine? Trésor, wewe njo motokari na sijasikia hata sauti yako.

15:47 Trésor: Jambo. Musinihesabu. Motokari yangu haiende Kasenga.

15:48 Mama Nadine: Juu ya nini?

15:50 Trésor: Juu ya mupira ya nyuma. Familia inajua.

15:50 Chantal: Tumeingia sasa

15:53 Mama Nadine: Trésor, ile franga ilikuwa ya Mama Feza. Tuliichanga hapa, majina iko, tulikupatia umupelekee. Haikuwa ya mupira.

15:59 Trésor: Na mupira ilipasuka na mahindi ya nani ndani? Mifuko sita. Mvua inapiga, saa mbili ya usiku, niko njiani mi peke yangu. Hapa kila mutu anaandika "ufike muzuri" na mikono ya kuomba. Nani alituma hata franga moya?

16:04 Tante Agnès: Mi nilikutumia unite ya simu.

16:05 Trésor: Tante, unite haifunge mupira.

16:06 Bijou: 🙈

16:10 Mama Nadine: Ungesema siku ile ile. Ulinyamaza mpaka leo.

16:12 Trésor: Nilisema. Mulisoma. Hakuna mutu alijibu.

17:02 Muyomba Ilunga: Nimesoma yote. Munagombana juu ya mifuko sita ya mahindi. 2024 mvua ilikosa Zambia, na juu sisi tunakula unga inapita ku mpaka wa Kasumbalesa, hapa bei ya meka (kipimo) ya unga ilituchezesha. Mwaka ule nilisema tulime wenyewe kiwanja chetu cha Kipushi. Mulisema ndiyo wote. Siku ya kupanda nilikuta mi na mbwa.

17:04 Papa Kabwe: Mbwa alilima mistari mingapi, Muyomba?

17:05 Muyomba Ilunga: Alikupita wewe.

17:05 Chantal: 😂😂😂😂

17:06 Papa Kabwe: Nimekubali, nimeshindwa na mbwa

17:20 Mama Nadine: Turudie ku safari, tafazali. Trésor, tusaidiane.

17:21 Trésor: Nimemaliza.

19:33 Bijou: Nkambo, mama yetu muzee, aliniomba nimusomee kikundi chote toka jana. Nimemusomea. Sasa anasema niandike vile anasema, nisipunguze.

19:41 Bijou: "Mimi ni mutoto wa kambi ya wafanyakazi ba kampuni. Ninyi munasema siku ya posho kama jina tu ya siku. Ilikuwa siku kampuni inapima chakula: unga, maharagi, samaki ya kukauka. Mama yangu alisimama mu mustari na mufuko. Lakini buwa na vinkubala (viwavi vya kula), ile haikutoka ku mustari. Tulienda pori kuchuma, ao tulinunua kwa mama wa kijiji tunamujua kwa jina. Ile njo ilitupa ladha."

19:46 Bijou: "Buwa ile hujui jina haingie mu chungu. Uulize mwenye kuuza iliota chini ya muti gani. Vitondo vinataka mutondo na muputu. Akikosa jibu, umuache na beseni yake. Na ninyi munalia vinkubala ni bei, lakini vinkubala vinakula majani ya mutondo, na mutondo iko imekuwa makala mu mbabula yenu. Mu yangu pia."

19:52 Bijou: "Sasa deni. Mwezi wa tatu Feza alitupa mahindi na hakushika franga mukononi. Alisema mama, mutaleta kesho. Kesho yake imekuwa miezi munane. Mahindi tulikula, hata mi na meno yangu ine nilikula. Mutarudia kwake na beseni, mumusalimie, mumuulize tente? Na macho gani? Trésor alikosea kunyamaza na franga ya mutu. Ninyi mulikosea kumuacha mu mvua. Nadine, na wewe ulijua, uliendelea kumupigia Feza simu kama hakuna kitu."

19:54 Bijou: "Deni kwanza. Kama hailipwe, ile mutaleta siku ya posho sitakula, na mutu asinitumie sahani."

19:55 Bijou: Amemaliza. Ameenda kulala. Hajakunywa chai.

KAZI TANO

05:32 Mama Nadine: Nkambo, nimesikia. Nilijua, na niliona haya kumwambia Mama Feza. Kila akinipigia nilikuwa nangoja aulize. Hakuuliza hata mara moya. Deni ni 150.000. Naweka 30.000 leo, mbali na ya safari.

05:50 Chantal: Naweka 20.000 juu ya deni.

07:15 Tante Agnès: 15.000. Mwisho wa mwezi naongeza.

08:02 Papa Kabwe: Nimetuma 40.000: 20 ya deni, 20 ya safari. Na ile lengalenga ya mto tumeacha. Bibi amenikasirikia, anauliza atamwambia nini rafiki yake dimanche ku kanisa. Sikuwa na jibu.

08:10 Patrick: Papa, rafiki yake hana kosa. Alime wapi, na kiwanja kingine hana? Tukimuacha tu, anauzia jirani. Ku fakilte bamejaribu chokaa na mboleo mingi kupunguza ile inaingia mu majani. Haimalize, lakini inapunguza. Nitaenda kumuona nikiwa na mwalimu wangu.

08:11 Papa Kabwe: Uende na bibi. Peke yako atakufukuza.

08:30 Muyomba Ilunga: 25.000.

10:44 Mama Nadine: Iko 110.000 ya deni. Inabaki 40.000. Safari tuko nyumba tano.

10:45 Mama Nadine: Buwa ikiwa mingi tuikaushe. Vinkubala vile vile, bikitoka mbele ya Noeli. Mwezi wa saba, bustani za mto zikiwa peke yake, tukuwe na kitu cha kupika.

13:09 Trésor: Ujumbe huu umefutwa.

13:10 Mama Nadine: Trésor, uliandika nini?

13:40 Mama Nadine: Trésor?

16:25 Chantal: Mi naweza kuuliza teksi ya jirani, lakini anataka 80.000 kwenda na kurudi, na hapakie mifuko.

16:27 Muyomba Ilunga: Ile 80.000 si inamaliza deni na kubaki?

16:30 Mama Nadine: Njo maana sitaki teksi.

18:05 Bijou: Nkambo anauliza imefika ngapi.

18:06 Mama Nadine: 110.000.

18:12 Bijou: Amesema "mm".

18:13 Papa Kabwe: Ile "mm" ya kukubali ao ile ingine?

18:15 Bijou: Ile ingine.

20:37 Trésor: Ile 40.000 nitamupa Mama Feza mwenyewe, mukono kwa mukono, mutu asipite mbele yangu. Mupira tutazungumuza mbele ya Nkambo, si hapa.

20:38 Mama Nadine: Asante ndugu yangu. Kwa hiyo saa kumi na moya unatuchukua?

20:52 Mama Nadine: Trésor?

20:53 Tante Agnès: Musisahau maembe yangu. Isikuwe ngumu.

21:20 Mama Nadine: Nitasimama ku mulango saa kumi na moya na mabeseni. Chantal, ukuye kwangu na mufuko ya kuanikia. Patrick, na wewe, juu ya kuuliza miti.

21:21 Patrick: Nitakuwa pale.

22:48 Trésor: Mafuta iko nusu.