Yustino, Tertuliano au Agostino: ninunue kipi kwanza?

Fundi_Saa: Wakuu habari za jioni. Nina hela ya kitabu kimoja tu. Nataka kujua mababa wa Kanisa (wale waandishi Wakristo wa karne za mwanzo) walisemaje kuhusu Maandiko na akili, na kama mtu asiye na Biblia anajua mema na mabaya. Nichukue cha nani?

Mama Pacha: Kwa lugha gani? Bajeti? Cha kwako au cha kufundishia? Sisi sio waganga bana

nyuki_mkali: Yustino, mjadala umefungwa. Kwenye miaka ya 150, yuko Roma, anamwandikia Kaisari mwenyewe kwamba wanafalsafa Wagiriki Socrates na Heraclitus walioishi kwa kufuata Neno (Logos, yaani akili ya Mungu) walikuwa Wakristo hata kama waliitwa wakana Mungu!! Na akafia imani.

Katekista mstaafu: Taratibu kijana. Yustino huyohuyo anadai mwanafalsafa Plato alichota kwa Musa. Tertuliano ndiye aliyeuliza Athene na Yerusalemu, yaani falsafa na imani, wapi na wapi.

MlaMihogo: Si ndio huyo aliishia kwa Wamontano, wale wa unabii mpya waliokataliwa na Kanisa?

Katekista mstaafu: Baadaye. Kitabu chake cha Utetezi ni cha mwaka 197, na humo anasema roho ya mtu kwa asili ni ya Kikristo, ona mpagani akibanwa anavyoropoka "Mungu akijalia".

nyuki_mkali: Kumbe anakubaliana na Yustino 😂

Katekista mstaafu: Hakubaliani. Soma kwanza.

Mama Pacha: Agostino mniachie mimi, niliagiza Maungamo kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni nikatuma hela yote kabla, kikaja fotokopi, gundi imeachia, na kurasa za kitabu cha pili (sehemu ya pili ya Maungamo) hazimo kabisa, palepale anapoiba mapea na kusema sheria imeandikwa mioyoni, hata mwizi hakubali kuibiwa, nikampigia muuzaji akasema ndio toleo lilivyo, kesho yake akanibloki.

MlaMihogo: Mwizi wa sura ya wizi 😂😂

Fundi_Saa: Samahani, Kiingereza nasoma, bajeti elfu 20. Ni kwa vijana wa mtaani, Walutheri, Wakatoliki na Mwislamu mmoja.

MlaMihogo: Anza na Warumi 2:14-15, bure.

Katekista mstaafu: Basi Origene, naye baba wa Kanisa. Celsus, mpagani aliyewapinga Wakristo, alibeza kwamba maadili ya Wakristo sio mapya, wanafalsafa walishayasema. Origene hakubisha, akajibu kwamba Mungu asingeyapanda kwa watu wote angewahukumuje?

nyuki_mkali: Origene elfu 20 hupati, kile ni kitofali.

jirani_wa_Mbagala: Nina Agostino, kurasa zote zimo, elfu 15.

Mama Pacha: Picha ya kitabu cha pili kwanza