Niko Tabora kikazi, Jumapili mgeni anaingiaje kanisani?

Habarini wakuu, nimeshuka na treni juzi, nipo hapa wiki tatu. Nyumbani nasali Moravian na ibada siikosi hata nikiwa safarini ila huku simjui mtu, je ni lazima nisimame nijitambulishe?

Jibu: Karibu Unyanyembe ndugu yangu, Moravian hapa umefika nyumbani, makao ya Jimbo la Magharibi yako hapahapa Tabora. Wageni wakiitwa simama hapohapo kwenye benchi, Bwana Yesu asifiwe, jina na ushirika unaotoka, basi unakaa.

Jibu: Mimi Mkatoliki, nikienda Kigoma nawahi misa ya kwanza. Mara ya mwisho sikuwa na kitabu cha nyimbo, bibi mmoja wa pembeni akasogea akaweka chake katikati yetu, kurasa zimelainika kwa kushikwa, tukaimba wote mpaka mwisho, aisee nilijisikia mtoto wa pale.

Jibu: Halafu usikimbie ibada ikiisha, kama kuna mnada wa sadaka nje nunua hata mayai au fungu la karanga, hapo ndo watu wanakuuliza umefikia wapi.

Mtoa mada: Asanteni sana, Jumapili naenda.